Moyo wangu ni mzima, mbona kila wiki nakufa?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41, nina mke na watoto watatu, na kazi yangu ni ya mezani, mahesabu. Nakuandikia saa nane usiku nikiwa nimekaa kitandani, mgongo ukutani, maana siku hizi silali chali. Nikilala chali nausikia moyo unapiga masikioni.

Ilianza miezi tisa iliyopita. Nilikuwa kwenye foleni benki, watu sita mbele yangu, sina haraka wala ugomvi na mtu. Ghafla moyo ukaenda mbio kama nimefukuzwa. Jasho jembamba likanitoka, vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi, kifua kikabana, pumzi haishuki. Nikasema moyoni, ndiyo hii. Nikaacha foleni, nikapanda teksi hadi hospitali, na njia nzima nilikuwa namwandikia mke wangu ujumbe kumweleza hati za nyumba ziko wapi. Nilipofika wakanibandika nyaya za kipimo cha umeme wa moyo, wakachukua na damu. Baada ya saa mbili daktari akaja anatabasamu: "Moyo wako mzima kabisa. Ni wasiwasi tu. Nenda nyumbani ukalale."

Tangu siku ile nimerudi hospitali mara nne, hospitali mbili tofauti. Jibu ni lile lile, na tabasamu lile lile. Natulia siku mbili, ya tatu naanza kuwaza kuwa labda mashine ilikosea.

Sasa hivi sipandi ngazi. Nimeacha mpira wa Jumamosi. Natembea na aspirini mfukoni, na sikubali safari ya mahali nisipojua hospitali iko wapi. Najipima mapigo shingoni hata nikiwa kwenye mkutano wa kazi, mpaka bosi akaniuliza kama shingo inaniuma. Mke wangu amevumilia. Mwezi uliopita alisema, wala hakuwa mkali, "Nilikuwa na watoto watatu, sasa nina wanne."

Yeye ndiye aliyenitafutia mwanasaikolojia. Nimekwenda vikao vinne, na hapa ndipo ninapotaka uniambie ukweli, maana naona natupa muda na fedha. Kwanza ni binti mdogo, sidhani kama amefika miaka 30. Halafu hanishauri kitu. Nikimuuliza nifanyeje, ananirudishia swali: "Pale kwenye foleni ulijiambia nini?" Ningekuwa najua ningekwenda kwake? Amenipa na daftari la kujaza kila siku, tukio, wazo, hisia, kama mtoto wa darasa la nne. Siku ya kwanza alinipa karatasi ya maswali tisa, niweke alama kuanzia sifuri hadi tatu. La tisa niliweka sifuri nikaigeuza karatasi, ingawa nikisema ukweli zipo alfajiri ninazowaza heri nisiamke, haya yaishe. Lakini si kitu, ni uchovu tu.

Kikao cha nne ndicho kilichonishinda. Alisema tusimame wote wawili tukimbie papo hapo, dakika moja, ili moyo uende mbio makusudi. Nilimtazama nikidhani anatania. Nikachukua koti langu nikatoka. Hii ni wiki ya tatu sijarudi. Na hata hivyo vikao vitatu vya mwanzo nilikuwa narudi nyumbani mzito kuliko nilivyokwenda. Dawa gani hiyo inayoongeza ugonjwa?

Kuna jambo sijamwambia yeye, wala mtu yeyote. Kaka yangu alifariki mwaka jana. Hilo kila mtu analijua, na binti nilimwambia kwa kifupi kwamba nilifiwa. Wasilolijua ni usiku wenyewe. Kaka alikuwa amekuja kulala kwetu. Saa nne usiku akaniambia kifua kinamuuma, kinawaka. Mimi nilikuwa naangalia mechi. Nikamwambia, "Gesi hiyo, kaka. Meza kidonge ukalale, asubuhi utakuwa mzima." Akameza, akaniaga, akaenda chumbani. Alikuwa na miaka 46. Asubuhi mimi ndiye niliyemkuta.

Msibani watu walikuwa wanasema alikwenda usingizini, hakuteseka. Nami nikanyamaza.

Naogopa binti yule akilijua ataniona muuaji, au ataliandika kwenye faili na siku moja lisomwe na mtu. Dada yangu anasema nisali zaidi, niache kulipa watu wanisikilize. Rafiki mmoja anasema niombe dawa, mwingine anasema dawa za akili ukizianza huziachi. Je, ndiyo naanza wazimu? Nirudi kwa yule binti, nitafute mwingine, au niachane nayo?

Mdogo Mtu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na sentensi uliyoipitisha mbio ukitumaini sitaiona: kwamba zipo alfajiri unazowaza heri usiamke. Ukaifunika hapo hapo kwa neno uchovu. Mimi nimeiona, na ndiyo ninayoijibu kabla ya moyo, binti na daftari.

Karatasi ile ya maswali tisa inaitwa PHQ-9. Imekuwa ikitumika sehemu nyingi duniani tangu 2001. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha na vitu ulivyovipenda, kujiona hufai. Kila jibu lina alama sifuri hadi tatu, jumla 27, nazo humpa mtaalamu picha ya uzito wa sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka. Swali la tisa ndilo linalouliza kama umewaza kuwa afadhali ungekufa, au umewaza kujidhuru. Hata jumla ikiwa ndogo, jibu la swali hilo peke yake humfanya mtaalamu asimame na kuuliza zaidi. Wewe uliweka sifuri ukageuza karatasi, binti wa watu akaendelea na kazi akiamini ana mgonjwa wa hofu tu.

Kutamani usiamke si sawa na kupanga kujiua, na watu wengi waliochoka na majonzi hupitia hapo. Lakini si jambo la kukaa nalo peke yako saa nane usiku mgongo ukutani. Mwambie mke wako leo, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Kulisema hakulizidishi; watu huogopa kwamba kulitaja ni kulipanda, na sivyo. Na ikitokea wazo hilo likapata namna na saa, yaani ukajikuta unafikiria utafanyaje na lini, usisubiri kikao wala jibu la barua. Nenda idara ya dharura usiku huo huo, kama ulivyokimbilia kwa ajili ya moyo. Usiende peke yako, na aliye nawe aondoe nyumbani chochote unachoweza kujidhuru nacho.

Haya, moyo.

Kilichokushika kwenye foleni ni mshtuko wa hofu, na ninachagua neno mshtuko kwa sababu unafanana na mshtuko wa moyo mpaka unawapeleka watu wengi hospitali kama wewe. Mwili una king'ora chake cha hatari. Kikilia, adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hukimbia, misuli hukaza, pumzi huwa za haraka haraka. Mtu anayekimbia kweli huzitumia pumzi hizo. Wewe ulikuwa umesimama. Ukihema kwa kasi umesimama, unatoa hewa ya ukaa kuliko mwili unavyoitengeneza, kiwango chake kwenye damu kinashuka, na hapo ndipo inapotoka ganzi ya vidole na midomo, kizunguzungu, na ule uongo mkubwa wa kwamba pumzi haishuki, wakati oksijeni unayo tele. Kilele hufika ndani ya dakika chache, mara nyingi kama kumi hivi, halafu hushuka chenyewe, uwe na aspirini au usiwe nayo.

Kwa nini unarudi? Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alilieleza hilo kwa namna ambayo hadi leo wataalamu wanaifanyia kazi. Mtu anasikia kitu kidogo mwilini, labda moyo umeruka pigo moja. Anakitafsiri kuwa ni kifo. Tafsiri hiyo inamtia hofu, hofu inaongeza mapigo, mapigo yanathibitisha tafsiri. Gurudumu linazunguka. Waliotutangulia walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tofauti ni kwamba ung'ongo wako uko ndani ya kifua, unakwenda nao kila mahali, na unaupapasa shingoni hata mbele ya bosi.

Sasa nikuambie nilichokiona kwenye barua yako, na huenda hukukiona mwenyewe kwa kuwa uliandika usiku. Rudia maneno uliyomwambia kaka yako: gesi hiyo, meza kidonge ukalale. Kisha rudia maneno ya daktari: ni wasiwasi tu, nenda nyumbani ukalale. Ni maneno yale yale, mwanangu. Madaktari kwenye hospitali mbili wamekuwa wakikutuliza kwa maneno ambayo wewe uliwahi kumtuliza nayo mtu, na asubuhi ukamkuta amekufa. Utatulia vipi? Mwingine angeambiwa hivyo akaenda zake kulala. Wewe unakaa macho mgongo ukutani, kwa sababu unajua kwa macho yako kwamba aliyeambiwa "si kitu" anaweza kuwa na kitu.

Na hilo ndilo jambo pekee ambalo mwanasaikolojia wako hana. Anakutibu gizani.

Kuna jingine la hilo hilo, la kitabibu kabisa. Ndugu yako wa damu alifariki ghafla akiwa na miaka 46 baada ya maumivu ya kifua. Je, uliwaambia madaktari wale? Nina wasiwasi hukuwaambia, maana ungeanzaje habari hiyo bila kufika kwenye kidonge? Kama ni tatizo la moyo lililomchukua, basi ni historia ya familia. Madaktari huipa uzito wa pekee pale baba au kaka anapopata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55. Kwa hiyo nenda kwa daktari mara moja zaidi, mchana, kwa miadi, bila kukimbizwa na teksi, umwambie hilo. Apime shinikizo la damu, lehemu (kolesteroli) na sukari. Aangalie pia tezi ya thairoidi na wingi wa damu, kwa sababu thairoidi iliyozidi kazi na upungufu wa damu navyo huukimbiza moyo. Muulize na kuhusu kahawa kama unakunywa nyingi. Muulize waziwazi kama ni salama kwako kukimbia. Jibu lake, baada ya kujua yote, litakuwa na uzito ambao yale matano ya mwanzo hayakuwa nao. Ila mkubaliane wewe na yeye kwamba ukishalipata, hutakwenda kulitafuta tena kila wiki kwa mashine nyingine.

Wala nisieleweke vibaya: maumivu ya kifua yanayokuja ukitumia nguvu na kuondoka ukipumzika, au yanayokaa bila kupungua, yanayoelekea mkononi au kwenye taya, hayo unayapeleka hospitali hata kama umesoma barua hii mara kumi.

Daktari akikuruhusu, lile zoezi la kukimbia papo hapo lina maana kubwa kuliko unavyodhani. Nilicheka kidogo, unisamehe, nilipokuona unachukua koti. Binti hakuwa anatania. Hofu yako haiogopi benki wala ngazi, inaogopa moyo kwenda mbio. Sasa ubongo utajifunzaje kwamba moyo unaokwenda mbio si kifo, kama kila moyo ukienda mbio wewe unakaa chini, unameza kitu, unatafuta teksi? Kila ukinusurika sifa zinakwenda kwa aspirini. Zinakwenda kwa kiti, kwa hospitali iliyo karibu, kwa kutokupanda ngazi. Mwili wenyewe haujawahi kupewa sifa hata siku moja. Kwa hiyo mtaalamu anaileta ile hali makusudi, kidogo kidogo, mahali salama: wengine hukimbizwa papo hapo, wengine huzungushwa kwenye kiti hadi wapate kizunguzungu, wengine hupumua kwa mrija mwembamba. Ukae nayo bila kuikimbia hadi ishuke yenyewe. Ukifanya hivyo mara nyingi, king'ora hupungua makali. Kati ya tiba za hofu ya aina hii, hiyo ni mojawapo ya zenye ushahidi mzuri zaidi, na angalia kwamba alitaka mkimbie wote wawili. Kosa ninaloliona kwake, na nitamlaumu kwa hilo, ni kwamba hakuhakikisha umeelewa sababu kabla ya kusimama. Au labda alieleza, ila wewe ulikuwa unajipima mapigo.

Daftari nalo lina asili yake. Miaka ya 1960, daktari wa magonjwa ya akili huko Philadelphia, Aaron Beck, aligundua kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo ya haraka haraka yanayopita kichwani kabla ya huzuni, mafupi mno kiasi kwamba wenyewe walikuwa hawayashtukii. Akaanza kuwafundisha kuyakamata na kuyahoji: una ushahidi gani, kuna maelezo mengine? Ndiyo asili ya tiba ya fikra na tabia, ambayo ndiyo unayopewa, na kwa kawaida huchukua vikao kati ya 5 na 20. Wewe umekwenda vinne, kimoja ukakiacha katikati. Daftari ni wavu tu wa kukamatia mawazo hayo. Wewe ni mtu wa mahesabu, utafunga vipi hesabu kama hukuandika kilichoingia na kilichotoka? Na ndiyo maana anakuuliza ulijiambia nini kwenye foleni. Jibu unalo, umeniandikia mimi: "ndiyo hii." Hilo ndilo wazo, maneno mawili. Laiti ungemwambia na yeye.

Kuhusu kutokushauri, ushauri ulishapewa wa kutosha: na dada, na rafiki wa kwanza, na rafiki wa pili, na daktari mwenye tabasamu. Umekusaidia nini? Mshauri anayekuambia la kufanya kila kikao atakufanya umhitaji kila kikao. Kama shida ni umri, nikusimulie kidogo. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi 14 kukaa na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Kwa Kishona, lugha ya huko, sonona na wasiwasi huitwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Nasi husema fulani ana mawazo. Utafiti kuhusu kazi hiyo ulichapishwa 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, na waliokaa na wale bibi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini hata bibi hao wenye mvi hawakuwa wakimpa mtu amri. Walimsaidia achague tatizo moja na alitafutie njia mwenyewe. Kwa hiyo hata ungepata mtaalamu wa miaka 70, angekuuliza maswali yale yale.

Kurudi nyumbani mzito baada ya kikao si dalili kwamba tiba imeshindwa. Kidonda kikisafishwa huuma kuliko kilivyokuwa kimefungwa. Ila uzito huo uwe wa siku moja mbili, na uusemee kikao kinachofuata. Ukikaa wiki nzima, au ukiongeza zile alfajiri, mpigie kabla ya siku yenu.

Mimi mwenyewe nilipofiwa na mume wangu nilikaa kwenye kiti kama hicho. Mtaalamu wa kwanza nilimwacha baada ya vikao viwili: alipokea simu mara tatu nikiwa nalia, na kikao cha pili alinisimulia habari za mgonjwa mwingine karibu kwa jina. Hapo sikuhitaji kuambiwa na mtu. Anayetoa siri ya mwenzako kesho atatoa yako. Mtu wa namna hiyo, au anayekuhubiria, anayekudharau, anayekutongoza, anayekuahidi utapona kwa siku kadhaa, unaondoka na huhitaji kuomba radhi. Lakini binti wako hajafanya hata moja kati ya hayo. Amekuuliza maswali na amekutaka ukimbie. Ningekuwa wewe, ningerudi. Kama baada ya kumwambia yote bado huoni mnakwenda pamoja, mwambie hivyo hivyo usoni na umwombe akuelekeze kwa mwingine. Wenye weledi hawanuni kwa hilo.

Siri yako ataitunza kwa kanuni za kazi yake. Mipaka ipo, na una haki ya kumwomba akutajie kabla hujafungua mdomo: kwa kawaida anaweza kulazimika kumwambia mtu mwingine pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, pale mtoto anapodhuriwa, au mahakama ikiamuru. Kumwambia kaka yako ameze kidonge cha gesi hakumo humo.

Dawa? Wote wawili rafiki zako wana robo ya ukweli. Mwanasaikolojia kwa kawaida haandiki dawa. Anayeandika ni daktari, hasa wa magonjwa ya akili. Zipo dawa za sonona ambazo hutibu pia hofu ya aina yako. Huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi, siku za mwanzo zinaweza kuleta kichefuchefu au hata kuongeza wasiwasi kidogo, na huachwa taratibu kwa maelekezo ya daktari, si kwa kukatisha. Hazileti uraibu kama watu wanavyosema. Wanachokichanganya nazo ni dawa za kutuliza kama diazepamu, ambazo kweli mwili huzizoea ukizitumia muda mrefu, na ambazo kwako wewe zingekuwa aspirini nyingine mfukoni. Pamoja na zile alfajiri, mazungumzo na daktari kuhusu dawa yanafaa. Uamuzi ni wenu.

Wazimu huna. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na matatizo ya wasiwasi na milioni 280 sonona. Foleni ndefu kuliko ile ya benki. Na dada yako mwambie asante, utasali, na kikao utakwenda. Sijaona wapi viwili hivyo vinagombana.

Nimebakisha usiku ule wenyewe. Sitakuambia halikuwa kosa lako. Si kwa sababu nadhani lilikuwa, bali kwa sababu nikisema hivyo nitakuwa mtu mwingine anayekuambia "si kitu, kalale", na wewe maneno hayo hayakuingii tena. Nitakuambia tu ambayo yanajulikana. Maumivu ya moyo na ya kiungulia hufanana kiasi kwamba hata hospitali hawayatofautishi kwa maelezo ya mgonjwa. Ndiyo maana walikubandika nyaya. Na kaka yako alikuwa mtu mzima mwenye kifua chake, aliyekuwa akikisikia kuliko wewe, naye akakubali kuwa ni gesi. Mlikosea wawili. Wewe ndiye uliyebaki kulibeba, na umelibeba bila hata kumlilia vizuri, maana kila ukitaka kumlilia unakikuta kidonge njiani. Hilo la kulia nalo lina mahali pake, na ni kwenye kiti kile.

Kwa hiyo piga simu asubuhi uombe nafasi. Ukifika usianze na habari za kazi. Chukua barua uliyoniandikia, uikunje ianzie pale penye "Kuna jambo sijamwambia yeye," umpe aisome, nawe utazame dirishani kama utashindwa kumtazama. Akimaliza, mwombe karatasi nyingine ya maswali tisa.